Maji niliyomnywesha Atupele

Jumatano. Mvua imekata, jua linachoma, kijiji chote cha Ngonga kinanuka tope. Mimi ninasema, simu inaandika, kalamu sikufundishwa.

Nimekaa nje ya zahanati. Mjukuu wangu Atupele yuko ndani na dripu, macho yamedidimia. Tangu alfajiri anaharisha maji kama ya kuoshea mchele.

Naogopa.

Atupele anafanya kazi maabara, huko mjini. Kazi yake ni bakteria wa kipindupindu. Juzi alinieleza, nikacheka. Ndani ya mdudu kuna vinasaba, ndivyo vinavyomwelekeza kutengeneza sumu. Wao wanamwingizia kipande cha vinasaba walichokitengeneza, chenye pengo pale penye sumu, naye anakipokea mahali pa kile chake. Anabaki hai, anazaana, lakini sumu hana tena. Wanatafuta chanjo.

Basi leo alipoanza kutapika nikamvaa: "Umeniletea wadudu wako humu ndani, mke mwenzangu?"

Akajibu kwa sauti ndogo, "Bibi, wa kwangu tumemwondolea sumu. Na hatoki maabara. Huyu ni wa hapa hapa."

Wa hapa!

Na mimi nilijua. Juzi alipofika alitaka kwanza achemshe maji. Nikachukia. Mama yako kakulia maji haya, nikamwambia, leo wewe yanakunukia? Nikamchotea kikombe mtungini, nikasimama mbele yake mpaka akamaliza. Na wiki iliyopita mafuriko yalikifunika kisima changu, yakafunika na vyoo vya majirani. Niliyaona kwa macho yangu. Nilitaka tu anywe kwangu kama mtoto wa nyumbani.

Muuguzi amemuuliza nikiwepo, umekunywa maji ya wapi? Atupele kanitazama, akasema, "Sikumbuki."

Ananifichia aibu, mtoto huyu! Midomo imemkauka, bado anatunza heshima yangu. Na pale kisimani watoto wa jirani wanachota sasa hivi.

Ndaga, asante, mjukuu wangu, lakini hapana.

Nimemwita muuguzi. Anakuja, anafuta mikono. Namwambia kisima ni changu, na aliyeshika kile kikombe ni mimi. Majirani waseme watakavyo, kisima kifungwe leo leo.

Wewe baki tu, Atupele. Unanisikia? Baki.