Saa ya Upande wa Zambia

Jumatano, jioni

Mtu aliyezaliwa Tunduma, hapa mpakani na Zambia, hatakiwi kuamini saa ya simu. Nalijua hilo tangu shule ya msingi, na leo yamenikuta.

Chuo kilitupa sisi wanafunzi wapya hadi leo saa kumi jioni tuchague: darasa maalumu la waliofaulu sana, au bweni la wanaosoma kilimo, ambako wanapika na kulima bustani pamoja. Baba anataka darasa. "Mwanangu, hukusoma vile ili ukapalilie mchicha," aliniambia asubuhi. Mimi darasa lile naliogopa. Ukishuka alama wanakutoa, na kila mtu anajua.

Simu ilionyesha saa tisa na robo, nikaendelea kusitasita. Baba akaingia. "Saa kumi na robo hii, umeshamaliza?"

Kumbe simu ilishika mtandao wa Zambia, ikarudi nyuma saa nzima. Ukurasa wa chuo wa kuchagulia umefungwa. Wameandika tu: utapangiwa na chuo.

Mimi nimelia, na sikulilia darasa. Nimelilia bweni. Sasa ndiyo najua nilichokuwa nakitaka, na hakuna wa kuniuliza tena.