Zahanati ya Sebuleni na Shati Lililofungwa Mpaka Kooni

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijafukuzwa kwenye sebule niliyoipaka rangi kwa mikono yangu. Binti yangu yuko kidato cha pili, na shuleni kwao kuna mwalimu anayewafundisha habari za hospitali za umma, maadili ya tiba na kazi za afya, nami mwanzo nilifurahi, nikautangazia ukoo mzima kwamba daktari yuko njiani, kumbe daktari ameshafika na amehamia kwangu. Akirudi shule anapanga viti ukutani, anavaa koti jeupe la marehemu babu yake aliyekuwa kinyozi, na mwenye shida yoyote, hata ya rimoti, anasubiri zamu, tena aliyezidiwa ndiye anayetangulia, kwa hiyo juzi nilipitwa na paka wa jirani aliyekuwa anachechemea. Nikitaka kumsuka, lazima kwanza nimweleze faida na madhara ya kitana, halafu aridhie.

Hayo nimeyavumilia. Kinachonimaliza ni mume wangu. Mtu huyu hospitali haendi hata umburute, na alipowahi kuniambia kuna kitu shingoni nilimcheka, nikamwambia ni mto, abadili upande wa kulalia. Lakini wiki iliyopita alikaa kwenye foleni ya sebuleni na heshima zake zote, zamu ikafika, akaingia na binti chumbani, akatoka macho mekundu. Tangu hapo anafunga shati mpaka kooni hata kwenye joto, nikiuliza anasema hamna kitu. Nimembana binti, ananijibu, "Mama, siri ya mgonjwa haitoki." Mimi! Niliyemzaa daktari na ninayelala kitanda kimoja na mgonjwa! Nikaenda kumshtaki kwa mwalimu, mwalimu akapiga makofi, eti mtoto amefaulu. Na huyo mtoto, badala ya kusema, ananifuata jikoni kila mara, "Mama, Jumatatu asubuhi una nafasi?" Namjibu sina nafasi ya michezo. Sasa mume wangu ameomba ruhusa kazini Jumatatu hiyohiyo, na shati kapiga pasi mwenyewe. Mshauri, pale shingoni anaficha alama za midomo, kuna mwanamke, na mwanangu anawafichia. Nimfungashie nani virago: baba, binti au mwalimu?

Mimi, Mama wa Daktari

MSHAURI ANAJIBU

Mama wa Daktari, kwanza kaa chini. Kiti chochote, hata cha foleni.

Nilicheka mpaka nilipofika kwenye shati, nikaacha. Barua yako umeiandika mwenyewe, mbona hujaisoma? Mumeo alikuambia ana kitu shingoni, ukamcheka. Akaona bora asubiri nyuma ya paka, mradi apate mtu wa kumsikiliza. Ana nini, sijui. Mimi si daktari, wala binti yako si daktari, na inaonekana yeye, mdogo hivyo, analijua hilo kuliko wewe, maana amemwelekeza baba yake hospitali, ndiyo hiyo ruhusa ya Jumatatu. Mwanamume mzima anaogopa kwenda peke yake na anaona haya kukuomba. Mtoto siri hakuitoa, alikuuliza tu kama una nafasi. Ulitaka akupigie ngoma?

Mwanamke yupo, ndiyo. Anayesubiriwa Jumatatu ni wewe.

Virago viache kabatini. Mwalimu mwombe radhi, ila mwambie awafundishe pia kwamba mwanafunzi akisikia jambo zito, amwite mkubwa. Siri ya baba ni mzigo mkubwa kwa mtoto, na wako ameubeba mpaka jikoni kwako mara nyingi ukamfukuza nao. Umenisikitisha hapo, nakuambia ukweli. Zahanati ifungwe, koti la babu lirudi kwenye msumari wake, lakini si leo.

Leo viti vikipangwa, nenda ukakae kwenye foleni kama watu wengine. Paka akitangulia, mwache atangulie. Zamu yako ikifika, usimuulize binti lolote kuhusu mgonjwa wake. Mwambie, kwa sauti itakayofika mpaka chumbani kwa mwenye shati, "Jumatatu nafasi ninayo."