Nilikuazima Ruthi, Sikukupa

Kambi ya mkonge, Muheza

Wifi Yudith,

Salamu sana. Kaka yako Methusela hajambo, mama yenu hajambo ila miguu, mwanangu Luka hajambo, juzi kajitia punje ya hindi puani nikaitoa kwa kumpigisha chafya. Mimi sijambo ya mdomoni tu.

Likizo uliyomchukulia Ruthi imekwisha, naye harudi. Nasikia wasema nilikupa. Wifi, "mchukue, mwanao huyo" ni heshima! Mgeni huambiwa nyumba hii yako. Nani akang'oa mlango akaenda nao? Tena mtoto kakanyaga mwiba wa baharini huko kwako Kigombe, kapata homa, nawe hukunambia, wamfundisha kukuita mama. Najua hujajaliwa, nakuombea. Lakini huyu ana mama.

Nijibu upesi, na jibu liwe Ruthi mwenyewe anashuka kwenye basi.

Mimi Benedikta, mama Ruthi