Kifo cha Kijana wa Tamthilia

Jumatatu, 3 Machi

Leo tumebomoa sebule ya tajiri na kusimamisha zahanati kwa plaiwudi ile ile. Maumivu ya mgongo hayaniachi. Studio yenyewe ni ghala tu, bati juu, joto la tanuri. Vyumba vyetu vyote vina kuta tatu. Upande wa nne ni wa kamera.

Habari ya leo: mwigizaji anayemcheza yule kijana mpole wa tamthilia anaondoka, kapata kazi kwingine. Basi lazima afe. Ndivyo wanavyofanya kwenye tamthilia hii. Mwigizaji akihama, mhusika anazikwa. Rangi, mwenzangu wa kupaka kuta, anasema hapa kufa ni kupandishwa cheo. Aliyegongwa na gari wiki iliyopita alikuja leo kudai viatu vyake.

Tukabahatisha kijana atakufaje. Nikasema malaria. Rangi akanicheka, eti malaria haiuzi sabuni za wadhamini.

Kitinda mimba wetu huko nyumbani ataumia. Anampenda sana huyo kijana. Ana miaka kumi na saba, na tangu kaka yake, yule mdogo wangu anayenifuata, afariki, maneno yake yamepungua. Tukipigiana simu, tamthilia ndiyo inayomfungua mdomo.

Jumatano, 5 Machi

Nimeambiwa nijenge chumba cha kijana. Ukuta wa bluu, dirisha moja, meza yenye redio zilizofumuliwa.

Marehemu mdogo wangu alikuwa fundi redio. Chumba chake kilikuwa cha bluu.

Hapa habari zake nilimsimulia mtu mmoja tu — Mwandishi, yule dada anayetunga tamthilia. Mwezi uliopita mvua ilitukwamisha ghalani, akaniuliza mbona nimenyamaza. Nikamwambia siku ile inatimia miaka miwili tangu mdogo wangu ajiue. Alinishika mkono. Alilia. Akasema, kaka, hili litabaki kati yetu.

Labda ni bahati mbaya tu. Kuta za bluu ziko nyingi.

Ijumaa, 7 Machi

Si bahati mbaya. Nimeazima skripti kwa msimamizi. Ni mdogo wangu. Hata simu yake ya mwisho, aliponiuliza kama huku mvua imenyesha, imo neno kwa neno.

Mwisho tu ndio si wake. Kwenye skripti, kijana akishajiua, baba aliyemtukana anapiga magoti kaburini. Mchumba aliyemwacha anarudi. Waliomcheka wanaomba msamaha, mmoja mmoja, muziki chini. Kila kitu kinatengemaa kwa sababu amekufa.

Kwetu hakuna kilichotengemaa. Baba hamtaji. Mama anazifua nguo zake zisizo na uchafu. Na mdogo wangu hakumkomoa mtu. Alikuwa anaumwa, halali usingizi, hali chakula, na sisi hatukujua kuuliza. Hilo halimo.

Na kamera haigeuki. Itaonyesha namna alivyofanya, mwanzo hadi mwisho. Mimi hata humu daftarini, ambamo hasomi mtu, siandiki namna.

Jumanne, 11 Machi

Nimemfuata Mwandishi kwenye meza yake.

Akasema, "Kaka, nimebadilisha jina."

"Umebadilisha na yaliyotokea baadaye."

"Nimempa heshima ambayo hakuipata."

Nikamwambia kuna vijana wanaangalia hii kitu wakiwa na mawazo yale yale, na wewe unawaambia kwamba ukifa ndiyo utapendwa. Akasema ni hadithi tu, watu wana akili zao.

Nikamwomba: kamera itoke chumbani. Awepo japo mtu mmoja wa kumuuliza, una nini, na kijana ajibu. Mwishoni wataje mahali pa kupiga simu. Akasema mkurugenzi hatakubali, muda ni wa matangazo. Kisha akalainisha sauti, ile ile ya siku ya mvua, akauliza kama siku ya kurekodi naweza kukaa na mwigizaji. Nimfundishe mdogo wangu alivyokuwa anatembea.

Nilirudi kwenye nyundo yangu. Mchana nikapigilia dirisha la chumba kile. Ndiyo, nimekijenga. Hii ndiyo kazi niliyonayo.

Alhamisi, 20 Machi

Imerushwa jioni hii. Bweni zima la wafanyakazi mbele ya runinga, wanaume wazima wanafuta macho. Mmoja akasema, na mimi nizikwe hivyo bwana, hata madeni nitalipiwa. Wakacheka. Nilitoka nikaosha sufuria, na si zamu yangu.

Nilikuwa nimemtumia kitinda mimba ujumbe asiangalie. Hajajibu.

Ijumaa, 21 Machi

Kitinda mimba amepokea simu asubuhi hii.

"Kaka, umeona walivyomlilia?"

Nikasema nimeona, na machozi yale ni ya chupa, mimi namjua anayeyatia.

"Hata baba yake alilia," akasema. Kisha, taratibu: "Mimi wangenililia?"

Nikakaa kitandani. Nikamuuliza waziwazi, unafikiria kujiua?

"Wakati mwingine. Usimwambie mama."

Sikumwahidi. Nimemwambia asante kwa kuniambia, sikukasirikii, sikati simu. Rangi amenipa simu yake nikampigia shangazi, nyumba yake haiko mbali na kwa mama. Nimemwambia aache kila kitu aende akae naye, asimgombeze, kisha waongozane zahanati. Shangazi hakuuliza mara mbili. Nimesikia tu mlango wake ukibamizwa.

Msimamizi amechungulia, gari la kazini linaondoka. Nimemwambia liondoke.

Simu iko kwenye spika, juu ya mto. Nimemwomba anisimulie habari za kuku wa mama, maana siwajui tena. Anaanza, ananyamaza. Namwita, anaitika. Sasa yuko kwa yule mwekundu anayetaga ndani ya kabati la vyombo na kumtia mama wazimu. Amecheka kidogo, halafu kicheko kimegeuka kilio. Namwambia lia tu, nipo. Shangazi bado yuko njiani.