Mume Wangu Hataki Daktari Noeline Amguse Farasi

Shangazi Edwina mpendwa,

Nisaidie, maana hapa kwetu vijijini Queensland, Australia, nikimwambia mtu mmoja, Jumapili kanisa zima limeshajua. Nimeolewa na Desmond miaka kumi na minne, tunafuga farasi watatu, na ninachotaka kujua ni kitu kimoja tu, kama mume wangu bado anampenda Noeline. Huyu Noeline ndiye daktari wa mifugo pekee huku, na zamani walikuwa wachumba, Desmond akamwacha wiki moja kabla ya harusi, ndivyo anavyosema, na tangu hapo hataki hata kuliona gari lake, ndiyo maana farasi wetu hawajapata ile chanjo ambayo majirani wote wamewapa farasi wao, na mimi najiuliza, Shangazi, mtu humkimbia hivyo mwanamke ambaye ameshamtoka moyoni?

Sasa jana farasi wetu jike, Tansy, kaacha kula, ana homa, anayumba kama mlevi, pua inatoa povu, nikamwambia Desmond, "Mwite Noeline basi." Akasema, "Bora nimzike farasi." Nikamuuliza, "Unaogopa nini kumwona?" Akanyamaza! Akaingiza mkono mdomoni mwa Tansy mpaka kiwiko kumnywesha dawa, nami nikawa nampangusa farasi kamasi kwa aproni huku nalia, wala si kwa sababu ya farasi, ni kwa kile kimya. Na popo nao wamejaa kwenye mkuyu wa malishoni, wanapiga kelele hatulali, mapenzi yatatoka wapi? Nimuulize waziwazi, au nivumilie?

Glenys

*

Glenys,

Uliniuliza habari za moyo. Mimi niliona povu, popo na aproni. Sikungoja gazeti litoke, nilipiga papo hapo namba uliyoandika chini ya barua pepe yako, na kwa ruhusa yako wasomaji wasikie.

"Shangazi! Umeshapata jibu?"

"Farasi yuko wapi?"

"Amelala chini ya mkuyu. Sasa huyu Noeline..."

"Mumeo yuko wapi?"

"Yuko naye, amempakata kichwa."

"Mtoe hapo! Mnawe kwa sabuni nyote wawili, mkae mbali, halafu umpigie Noeline sasa hivi."

"Nimpigie mimi? Si ataona nimeshindwa?"

"Aone!"

Samahani kwa kukupigia kelele, ingawa si sana.

Popo hubeba kirusi kiitwacho Hendra wala hawaugui. Wanakojoa na kutema makapi ya matunda juu ya majani, farasi anakula papo hapo, kirusi kinazaana mwilini mwake, kisha kinatoka na kamasi, mate na damu kumfuata mtu aliyekuja kumhurumia. Watu wamekufa hivyo. Mpaka leo hiki hakijajua kuruka kutoka mtu hadi mtu. Vingine vilivyotoka kwa wanyama vilijua, na unakumbuka dunia nzima ilivyojifungia ndani. Nawe ulikuwa unakipangusa kwa aproni, ukiwaza uchumba wa watu.

Noeline alifika baada ya nusu saa, amevaa suti nyeupe, barakoa, miwani na glavu juu ya glavu. Desmond, aliyekwepa kumwona uso miaka yote hiyo, hakuuona hata siku hiyo. Majibu ya maabara yalithibitisha Hendra, na Tansy ikabidi alazwe usingizi wa mwisho. Ninyi wawili mkapimwa joto asubuhi na jioni kwa siku ishirini na moja. Siku ya kumi na mbili Desmond akapandisha homa, ukanipigia ukilia, na safari hii hukumtaja Noeline hata mara moja.

Ilikuwa mafua tu. Lakini kwa hofu ya kufa alikiri: Noeline ndiye aliyemwacha, naye ameudanganya mji mzima. Kwa hiyo hapana, hampendi. Alikuwa anaona aibu. Nusura aibu hiyo iwazike ninyi nyote wawili.

Sasa fanya hivi. Zungushia mkuyu ua, uhamishe maji na chakula cha farasi mbali nao. Popo msiwapige risasi wala kuwafukuza. Misitu yao tumeikata wenyewe, na wakisumbuliwa hali huwa mbaya zaidi. Farasi akiugua, usimguse kwanza, piga simu kwanza. Desmond msamehe, ila si leo, mwache kidogo aonje.

Wale farasi wawili waliobaki wameshapimwa, ni wazima. Noeline anakuja kuwachanja Alhamisi saa tatu asubuhi. Ndiyo, miadi nimeweka mimi, maana nimeshakujua. Uwe umewafunga kamba mapema, ana nyumba nyingine sita za kupitia siku hiyo.

Shangazi Edwina