Swichi Iliyoenea Tunduni

Mjukuu wangu Ambakisye,

Ndaga, asante kwa barua yako. Mpunga tumevuna. Shangazi yako amehamia Ipinda, nimebaki peke yangu.

Unauliza ununue swichi gani ya mashine yako ya kukoboa. Enzi za Mwingereza nilikuwa baharia hapa ziwani, kazi yangu taa za meli. Swichi ya taa kubwa ilipoharibika, nilichagua ndogo kwa sababu ilienea tunduni. Jioni ileile ikaungua, taa ikazimika. Bibi yako, wakati huo binti mfinyanzi pale ufukweni, alidhani tumezama. Alilia mpaka alipotuona asubuhi tukitia nanga.

Kwa hiyo tazama kwanza swichi inahimili umeme kiasi gani. Tundu utalitanua kwa patasi. Nguvu ya swichi huwezi kuiongeza.

Siku hizi nikizima koroboi, hakuna anayeshtuka.

Babu yako,
Ikolo