Hodi Mbili Zilizongojana

Mama yangu,

Jana kaka Mutua alinikumbusha ule mradi wetu wa kompyuta, tukacheka hadi mkewe Wanjiru akatuuliza kama tuko sawa. Nikaona nikuandikie, maana aliyeunyoosha ulikuwa wewe.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Ulikuwa unauza mboga mtaani Silanga, nami nasoma kompyuta katika darasa la kanisa kule Ayany. Mutua alikuwa Kawangware, fundi wa kompyuta, na ulikuwa umemnunia mwaka mzima kwa kuanza kuishi na Wanjiru kabla ya kumleta umwone. Nikimtaja ulisema, "Mimi sina maneno na yeye," kisha unakoroga sufuria kwa hasira ambayo sufuria haikustahili.

Mimi na yeye tukaamua kuunda programu ya kuandikiana papo kwa papo kupitia laini ya simu. Kazi ngumu hatukuifanya sisi. Tulipata maktaba ya programu, yaani vipande vilivyokwisha kuandikwa na wajuzi. Ukiviita vinafungua njia, vinatuma na kupokea maneno. Sisi tuliongeza dirisha la kuandikia, na adabu. Ulitulea hivyo. Programu ikiunganishwa ipige hodi, isifanye lolote mpaka iitikiwe karibu.

Jumamosi ya majaribio nikakuvuta hadi darasani uje uone, nikitumaini moyo wako utalegea. Laini ikashika. Yangu ikapiga hodi, yake ikapiga hodi, basi. Zote mbili zikasimama nje zikingojana. Nikakueleza aibu yetu.

"Kati yetu na yeye, nani ako nyumbani?" ukauliza.

"Sisi. Mama uko huku."

"Na mtu anapiga hodi kwake mwenyewe? Sema karibu."

Nikafuta hodi ya upande wetu, nikaweka karibu, tukaunganisha upya. Maneno ya Mutua yakaingia, akikuulizia: "Mathe ako hapo?" Nikakusomea. Ukaikunja leso yako, ukaikunjua.

"Mwambie nimeloweka maharagwe na mahindi ya kukoboa. Kesho kuna muthokoi. Akuje na huyo msichana."

Walikuja. Ulimpakulia Wanjiru kwanza, Mutua akalalamika, ukamwambia anyamaze ale.

Siku hizi naandika programu kubwa kuliko ile, na kazi yangu naipenda. Nikipika nakukumbuka sana, ila si kwa machozi kama zamani. Kinachonituliza ni kwamba siku yako ya mwisho, mimi nikiwa kazini na Mutua safarini, hukuwa peke yako. Wanjiru alikuwa amekushika mkono. Muuguzi alipouliza yeye ni nani, hukumwacha ajibu.

"Ni mtoto wangu," ulisema.

Pumzika, Mama. Tuko salama, sote watatu.

Binti yako,
Mwende